Jumapili 52 na Siku Nne za Kliniki: Nafasi ya Kanisa Katika Suala la VVU

Katika mikesha ya maombi ya kanisa moja la mtaa wa Muyeye, mjini Malindi, kuna mama ambaye kila ifikapo saa tatu usiku huinuka, akajitanda leso yake vizuri na kutoka nje kama anayekwenda msalani. Mkobani mwake mna kopo jeupe la plastiki, na ndani ya kopo, juu ya vidonge, ameshindilia pamba ili visilie anapotembea. Humeza kidonge kimoja penye mfereji nyuma ya kanisa, akanywa maji kwa kiganja, kisha akarudi kuimba. Aliponieleza haya alicheka kidogo, akasema kwamba kidonge alikizoea zamani; asichokizoea hadi leo ni hiyo pamba.

Mtu mwenye VVU ambaye matibabu yake yamekaa sawa hupewa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, na wengine za miezi sita. Maana yake ni kwamba mhudumu wa afya humwona mara nne kwa mwaka, pengine mara mbili tu, na kila mara kwa dakika chache. Kanisa humwona kila Jumapili, na kama ni mtu wa jumuiya ndogo ndogo au wa kwaya, humwona na katikati ya wiki pia. Swali la kanisa lifanye nini kuhusu Ukimwi mara nyingi huulizwa kama kwamba kanisa linatakiwa lijenge zahanati au lianzishe mradi wenye bango na gari. Wapo waliofanya hivyo na wakafanya vizuri. Lakini kwa makanisa mengi ya Malindi na Lamu, ambayo sadaka yake ya wiki haitoshi hata kulipia umeme, kazi iliyo karibu zaidi ni kujua la kusema na la kutosema katika siku zile zote ambazo mgonjwa hayuko kliniki.

Ili kuona ugumu ulipo, yafaa kukumbuka tulikotoka. Kisa cha kwanza cha Ukimwi nchini Kenya kiliripotiwa mwaka wa 1984, na kwa zaidi ya miaka kumi iliyofuata sauti ya kanisa ilikuwa hasa ya kukemea. Katikati ya miaka ya 1990 Kadinali Maurice Otunga aliongoza waumini jijini Nairobi kuchoma kondomu pamoja na vijitabu vya elimu ya Ukimwi. Rais Daniel arap Moi alipotangaza mnamo Novemba 1999 kwamba Ukimwi ni janga la kitaifa, mapadre na wachungaji walikuwa wamekwisha kuzoea kazi moja kubwa, nayo ni kuzika. Kutokana na mazishi hayo ulizaliwa ule msemo ambao bado unasomwa makaburini, kwamba marehemu ametutoka "baada ya kuugua kwa muda mrefu", na kila aliyesimama pale akajua kilichofichwa. Mwaka wa 2006 dawa za kupunguza makali ya virusi zikaanza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma, na hali ikabadilika kabisa: mtu aliyeandaliwa kufa akaanza kuishi, akaoa, akazaa, akachaguliwa mzee wa kanisa. Mahubiri, kwa sehemu kubwa, hayakubadilika pamoja naye.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulikuta VVU kwa asilimia 4.9 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 64; kwa wanawake ilikuwa asilimia 6.6, na kwa wanaume 3.1. Pwani haijapata kufikia viwango vya Homa Bay, kaunti ya magharibi iliyoathirika sana, ni kweli. Hata hivyo, atakayekaa nyuma ya kanisa lolote la Malindi Jumapili asubuhi na kuhesabu vilemba na kofia ataona upesi kwamba wanaotajwa katika hesabu hizo ndio hao hao waliojaza viti.

Fundo kubwa kuliko yote ni la uponyaji wa maombi, na hapa inabidi tuende taratibu. VVU hushambulia seli za kinga ziitwazo CD4, huingia ndani yake na kuzitumia kama karakana ya kutengenezea virusi vingine. Dawa huifunga karakana hiyo. Haziui kila kirusi, kwa sababu vingine hujificha ndani ya seli zilizolala, mahali ambapo dawa haivifikii, na vinaweza kukaa humo miaka mingi bila kufanya lolote. Mtu akiacha dawa, kwa kawaida virusi hurudi kwenye damu baada ya majuma machache tu, na wakati mwingine hurudi vikiwa vimejifunza kuikwepa ile dawa aliyokuwa akiitumia.

Sasa kuna vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Kile cha tone la damu kidoleni hakitafuti kirusi chenyewe moja kwa moja. Hutafuta hasa kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaunda ulipovamiwa. Askari hao kwa kawaida hubaki hata dawa zinapofanya kazi vizuri, kwa hiyo mtu mzima mwenye VVU akipimwa kidoleni leo au baada ya miaka ishirini, jibu karibu kila mara litakuwa lile lile. Kipimo cha pili ni cha maabara, nacho huhesabu wingi wa virusi katika damu. Mgonjwa anayemeza dawa zake sawasawa, baada ya miezi kadhaa, hupata jibu kwamba virusi havionekani, maana ni vichache mno kiasi kwamba mashine haiwezi kuvihesabu. Jibu hilo ni la furaha kubwa. Lakini likifika madhabahuni mikononi mwa mtu asiyejua linasemaje, "havionekani" hugeuka kuwa "havipo", na karatasi inayothibitisha kwamba dawa inafanya kazi huinuliwa juu kama ushahidi kwamba dawa haihitajiki tena. Nimeshuhudia karatasi ya namna hiyo ikipeperushwa mbele ya umati uliokuwa ukipiga vigelegele, na aliyeishika alikuwa akitetemeka kwa shukrani ya kweli. Hakuna aliyesema uongo pale. Walikuwa wamesoma vibaya tu, na usomaji ule ungeweza kumwua.

Wapo watu wachache mno duniani ambao madaktari wamethibitisha kuwa wamepona kabisa. Wa kwanza, Timothy Ray Brown, alipandikizwa uboho mjini Berlin mwaka wa 2007 kwa sababu alikuwa pia na saratani ya damu. Tiba hiyo ni ya hatari sana na haiwezi kuwa njia ya watu wa kawaida. Nje ya visa vya aina hiyo, anayeambiwa amepona na aende akapimwe, na asiguse ratiba ya dawa zake mpaka maabara na daktari waseme.

Mchungaji anayeona kwamba maneno haya ni ya kutoamini ana jibu ndani ya Biblia yake mwenyewe. Katika Luka sura ya 17 wale wakoma kumi hawakuambiwa watangaze kupona kwao njiani. Waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, kwa kuwa katika sheria ya Musa kuhani ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kumkagua mwenye ukoma na kutamka kwamba amekuwa safi. Aliyeponya mwenyewe aliwatuma kwa mkaguzi. Kwa ugonjwa huu mkaguzi wetu ni maabara, na sioni kanisa linapungukiwa na nini likiwatuma watu huko.

Watu wa Malindi hawana anasa ya kulichukulia jambo hili kama mjadala wa nadharia. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola ulio upande wa bara wa mji huu, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wafuasi wa kanisa ambalo mafundisho yake yalikataa shule na hospitali. Njaa ndiyo iliyotajwa zaidi katika kisa kile, na haki yake. Lakini kati ya kumwambia mtu asile na kumwambia asimeze dawa iliyomweka hai kuna tofauti ya muda tu.

Kufunga, kwa upande mwingine, ni fundo jepesi, nashangaa kwamba bado linawasumbua watu. Dawa inayotolewa kwa watu wazima wengi nchini siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake, na huweza kumezwa pamoja na chakula au bila chakula. Anayefunga Kwaresima, au anayeingia katika mfungo wa siku 21, anaweza kukimeza usiku baada ya kufungua na asiharibu mfungo wake wala matibabu yake. Akitaka kubadilisha saa aliyoizoea, amwulize kwanza mhudumu wa kliniki. Kinachohitajika ni kiongozi wa maombi kulitaja jambo hilo siku ya kwanza ya mfungo, kwa sentensi mbili, akiwahusisha wote wanaotumia dawa za kila siku, wenye sukari na wenye presha wakiwemo, ambao baadhi yao mfungo wenyewe huwa si salama kwao. Mwenye VVU aliyeketi kati yao atasikia analohitaji kusikia, na hakuna atakayegeuka kumtazama.

Tukija kwenye ndoa, mambo yanazidi kuwa magumu. Makanisa mengi ya Pwani hutaka wachumba walete majibu ya vipimo kabla ya kufungishwa ndoa, na nia ni njema: hakuna mchungaji anayetaka kuona baadaye kwamba alibariki kifo. Tatizo la kwanza ni sheria. Sheria ya Kenya ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 13, inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apate ajira, ndoa, nafasi ya shule au huduma ya afya. Kanisa linaweza kushauri, kusindikiza, kuhimiza. Haliwezi kuifanya karatasi hiyo kuwa tiketi ya madhabahu. Tatizo la pili halimo katika sheria yoyote, ila kila mwenyeji analijua. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo. Wachumba wakipeleka majibu ofisini baada ya tangazo la pili, na tangazo la tatu lisisomwe, mtaa mzima hujisomea wenyewe. Nimejua msichana aliyehamia Mtwapa kwa ajili ya tangazo moja ambalo halikusomwa, na hadi leo hakuna mwenye hakika kama sababu ilikuwa ugonjwa au ugomvi wa mahari.

Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kuuondoa upimaji mikononi mwa ofisi ya kanisa na kuuweka mapema katika mafundisho ya wachumba, kabla jina lolote halijatajwa mimbarini. Waende pamoja, wapokee majibu pamoja, na majibu yabaki yao. Kazi ya mchungaji ianzie hapo, kwa maana ndipo maswali ya kweli yanapokuja, hasa pale mmoja anapokutwa na virusi na mwenzake hana. Miaka ya nyuma jibu la haraka lilikuwa kuvunja uchumba. Elimu ya leo hailazimishi hivyo. Utafiti mkubwa uliotoa matokeo yake mwaka wa 2011, uliohusisha jozi 1,763 za wenzi katika nchi tisa, Kenya ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba mwenye virusi akianza dawa mapema uwezekano wa kumwambukiza mwenzake hupungua kwa asilimia 96. Na tafiti zilizofuata, zilizowafuatilia wenzi kwa miaka, hazikukuta hata mmoja aliyeambukizwa kwa njia ya ngono na mwenzi ambaye virusi vyake havionekani kwa kipimo cha maabara. Kuhusu watoto, bila hatua zozote mama mwenye virusi anaweza kumwambukiza mtoto kwa kiwango cha kati ya asilimia 15 na 45 tangu mimba hadi mwisho wa kunyonyesha, lakini mama akitumia dawa na mtoto akapewa kinga, kiwango hicho hushuka chini ya 5. Mchungaji anayejua hesabu hizi atafundisha ndoa kwa namna tofauti kabisa na asiyezijua. Tena ataelewa kwamba anapomwambia mume atupe dawa zake kwa imani, anamvua kinga mke aliyeketi kando yake.

Kuhusu kondomu sitasema mengi. Makanisa hayakubaliani juu yake na hayatakubaliana hivi karibuni, nami sidhani mwumini yeyote wa Malindi amewahi kungoja uamuzi wa sinodi kabla ya kuingia dukani. Ninachoomba ni kwamba asiyeweza kuipendekeza asitangaze kuwa haizuii chochote, maana hilo si suala la imani, ni taarifa ya uongo. Mtandao wa viongozi wa dini wa Afrika wanaoishi na VVU au walioguswa nao, uliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulitafuta njia ya kutoka katika malumbano hayo kwa kuweka mbele mambo manne: mienendo salama, upatikanaji wa dawa, kupima kwa hiari na kumwezesha mtu kwa elimu. Miongoni mwa waasisi wake ni Kanoni Gideon Byamugisha wa Kanisa Anglikana la Uganda, aliyejitokeza hadharani mwaka wa 1992 na kusema kwamba yeye mwenyewe ana virusi, wakati ambapo hakuna kasisi mwingine barani aliyekuwa amethubutu. Alimzika mke wake wa kwanza, akaoa tena, akapata watoto wasio na virusi. Maisha yake yalifundisha zaidi ya vijitabu vyote vile vilivyochomwa.

Viongozi wa makanisa ya Afrika waliokutana Nairobi mwaka wa 2001 walikiri kwamba mchango wenye nguvu kuliko wote ambao kanisa linaweza kuutoa ni kung'oa unyanyapaa. Katika uzoefu wangu, unyanyapaa wa kanisani hauji sana kwa matusi siku hizi. Huja kwa wema. Mtu humweleza mama wa kikundi siri yake, na Jumatano usiku siri hiyo hutajwa katika maombi: "tumkumbuke dada yetu mmoja wa kwaya ya pili, tusiyemtaja jina, anayepitia hali ngumu ya damu." Kwaya ya pili ina dada sita. Au huundwa kikundi cha msaada kinachokutana Alhamisi saa kumi chini ya mwarobaini, na baada ya mwezi mmoja kuonekana chini ya mwarobaini ule ni sawa na kubandikwa tangazo kifuani. Ndiyo maana ninashauri kwamba kanisa dogo lisianzishe kikundi cha wagonjwa ila pale wenyewe wanapokiomba. Liweke badala yake watu wawili watatu waliofunzwa, mume na mke au muuguzi mstaafu, ambao kila mtu anajua kwamba huwatembelea watu wa kila namna, wazazi wapya, wajane, wenye deni. Mgeni kama huyo akiingia uani hakuna jirani anayeweza kukisia amefuata nini.

Kuna jambo moja ambalo usiri wa kanisa hauna ruhusa ya kuligusa. Mtoto au mwanamke aliyebakwa anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi, lakini ni lazima azianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kesi inayoletwa kwa wazee wa kanisa Jumapili mchana, ikaahirishwa hadi kikao cha Jumatano jioni ili familia mbili zipatane, imekwisha kupita muda huo. Hospitali kwanza, siku hiyo hiyo, na polisi. Kikao cha wazee kingoje.

Huko Lamu ramani yenyewe inaongeza fundo jingine. Jimbo Katoliki la Malindi, lililoundwa mwaka wa 2000, linafika hadi Lamu na Tana River, na ndani yake mna hali zisizofanana hata kidogo. Mpeketoni, Hindi na Witu kuna makanisa mengi na waumini wengi. Visiwani Wakristo ni wachache kati ya Waislamu, na wengi wao ni walimu, polisi na wauguzi waliopelekwa huko kikazi. Mwalimu anayekaa Faza, katika kisiwa cha Pate, akitaka dawa kwa siri hataki kuzipokea Faza, kwa sababu anayezitoa ni jirani yake. Atapanda mashua kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, na mashua husubiri maji yajae ndipo ipite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari; pengine atapanda na basi hadi Malindi, asubuhi ya mapema, na vizuizi vyote vya barabarani. Dawa ni bure, njia si bure. Kanisa la huko linaloweka nauli kidogo katika mfuko wake wa huruma, na kuitoa bila kuuliza safari ni ya nini, linafanya tiba kamili. Na kwa kuwa imamu na padre wa mji mdogo hukutana sokoni kila siku, ni vyema wakubaliane mapema la kusema, ili mgonjwa asisikie jambo moja Ijumaa kutoka kwa jirani na jingine Jumapili kutoka kwa ndugu.

Mahitaji haya yameongezeka tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Wafanyakazi wengi wa kliniki za VVU nchini waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo walipoteza kazi, na huduma zikaanza kuunganishwa na foleni ya kawaida ya wagonjwa wa nje. Waliotoweka wa kwanza ni wale washauri na akina mama wenye uzoefu waliokuwa wakipiga simu kumwuliza mtu mbona hakuja. Simu hiyo haihitaji shahada.

Kwenye lile kanisa la Muyeye, muuguzi mmoja wa kwaya alimwomba mchungaji mwaka jana kwamba mkesha uwe na mapumziko ya maji saa tatu kamili, dakika kumi, kwa sababu ya joto. Mchungaji alikubali bila kuuliza zaidi. Sasa ikifika saa hiyo kinanda hunyamaza, watu wote huinuka pamoja, na penye mfereji nyuma ya kanisa hupangwa foleni ndefu ya watu wenye vikombe. Yule mama bado hutembea na mkoba wake. Kopo lake limo humo, bila pamba.